Mweka Hazina wa Matanga ya Sylvance

Pale mtaa wa Mowlem, Nairobi, pesa ya watu wengi ilipotafuta mtu mmoja wa kuishika, hapakuwa na haja ya kupiga kura. Watu waligeuza shingo tu kumtafuta Perez. Alikuwa ameshika pesa ya chama cha akiba cha akina mama, ya harusi, ya mabati ya kanisa, ya kijana wa jirani aliyeitwa chuoni akakosa karo, na hakuna shilingi ya mtu iliyowahi kupotelea mkononi mwake. Sifa hiyo aliipenda, tena aliipenda kupita kiasi. Jumapili akitoka kanisani, mkoba kwapani na kilemba kimesimama, ungedhani Benki Kuu yenyewe imeamua kutembea kwa miguu.

Kazi yake ilikuwa kufuma sweta za shule. Alikuwa na mashine mbili za mkono katika chumba cha mbele cha ploti, na msimu wa kufungua shule ulipokaribia zilikwaruza kutwa nzima hadi wapangaji wa juu wakamletea malalamiko. Ubaya wa sweta ni kwamba nyuzi hununuliwa kwa pesa taslimu, nazo shule hulipa zitakapojisikia. Kwa hiyo Perez alikuwa na oda nyingi na mfuko uliotoboka.

Hapo ndipo Jacky alipoingia. Jacky alikuwa msichana wa benki, fulana ya zambarau mwilini na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, na alikuja kwenye mkutano wa chama akiwa amekumbatia tableti. Akina mama wale walikuwa wanaijua benki ile. Kwa miaka ilikuwa imewafukuza kwa adabu, leo ikitaka hati ya shamba, kesho ikitaka mdhamini mwenye mshahara. Jacky alisema hayo yamekwisha. Sasa kulikuwa na programu ya simu iliyoitwa Pandisha, na biashara ndogo ingekopa benki bila kukanyaga benki.

“Mamangu, hii laini yako ya simu inakujua kuliko bwanako,” alimwambia Perez. “Inaona pesa ikiingia, inaona ikitoka. Sisi tunaisoma tu, halafu tunakupea loan. Hakuna fomu, hakuna kubembeleza mtu.”

“Na bwana mwenyewe sina.”

“Basi si ndio poa zaidi? Hakuna wa kukuuliza.”

Akina mama wakaangua kicheko. Jacky alibonyeza hapa na pale kwenye simu ya Perez, na programu ilipoleta jibu hata yeye aliinua nyusi. Laini ya Perez ilikuwa na habari tamu. Pesa za chama, za harusi, za mabati na za karo zote zilikuwa zimepita humo, na programu haikuwa na namna ya kujua kuwa ni pesa za watu. Iliona mwanamke mmoja tajiri anayefuma sweta kwa kupitisha muda. Ikamkubalia mkopo ambao Perez hakuwahi kuuota. Kulikuwa na maandishi marefu ya Kiingereza ya kukubali, na kidole cha Jacky kiliyapitia mbio hadi chini. Humo ndani mlikuwa na sharti kwamba mkopaji akichelewa kupita muda fulani, benki itajichukulia yenyewe kutoka kwa pesa yoyote itakayoingia kwenye laini. Perez alibonyeza *Nakubali* huku akifikiria nyuzi.

Alinunua nyuzi nyekundu za maruni, gunia kwa gunia, kwa sababu shule moja ya kibinafsi kule Tassia ilikuwa imeagiza sweta za wanafunzi wote. Alifuma hadi vidole vikafa ganzi. Sweta zilipelekwa, watoto wakavaa, na mwenye shule, Bwana Musyoka, akamshukuru sana. Pesa ndiyo haikuja.

“Mama Perez, wazazi hawajalipa,” alisema Musyoka mwezi wa kwanza. “Nivumilie kidogo.”

Mwezi wa pili alisema vilevile. Wa tatu hakushika simu. Perez akipita Tassia aliwaona watoto wakirukaruka na sweta zake, mikono imeshaanza kuchakaa, na alitamani kuwavua mmoja mmoja. Ungemvua nani? Mtoto wa watu ana kosa gani? Akarudi nyumbani kukaa na hasira yake.

Pandisha nayo ilianza kumwandikia. Mwanzoni ilimwita mteja mpendwa. Baadaye upendo ukapungua. Ujumbe ulikuja asubuhi na jioni, wa Kiingereza kigumu, na Perez akaacha kuufungua. Alijua jinsi benki inavyodai: hutuma watu, watu hugonga mlango, hubeba mashine na kochi huku majirani wakichungulia. Kila akisikia viatu vigeni kwenye ngazi, roho ilimruka. Hakujua kwamba siku hizi hawagongi.

Hakumwambia mtu. Wala Amondi, rafiki yake wa kufa kuzikana, hakumwambia. Walikuja Nairobi mwaka mmoja, wakapanga chumba kimoja wakilala mzungu wa nne, na hata Amondi alipoolewa na Sylvance waliendelea kuishi katika ploti zilizopakana. Amondi alikuwa akiuza mikoba ya mitumba soko la Muthurwa. Sylvance alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mrefu, mpole, aliyemwita Perez shemeji na kumtengenezea stendi za mashine zake bila kukubali hata soda. Perez angemwambia nini Amondi? Kwamba yule anayeshika pesa za mtaa mzima ameshindwa kushika zake? Alijikaza kisabuni.

Kisha Sylvance akafa. Alilalamika kifua asubuhi, akaenda kazini akisema ni upepo tu, na mchana wenzake wakambeba kwa mkokoteni hadi zahanati, ambako hakufika hai. Perez ndiye aliyemshika Amondi alipoanguka sakafuni. Alimshika hadi mikono ikamuuma, na hakumwachia.

Jioni ileile kamati ya matanga ilikaa chini ya turubai mbele ya ploti ya Amondi. Mwenyekiti alikuwa Mzee Zedekiah, mstaafu wa reli, mtu wa suti moja na maneno machache. Kulikuwa na mochari ya kulipa, jeneza, basi, na chakula cha watu kule nyumbani Ugunja, kwa kuwa hakuna aliyefikiria hata kidogo kumzika Sylvance Nairobi kama mtu asiye na kwao.

“Mweka hazina,” alisema Mzee Zedekiah, na shingo zikageuka.

Hapo ndipo mahali pa kusema hapana. Ninyi mlioketi mbali mnaona urahisi wake: jamani, laini yangu ina deni, chagueni mwingine. Perez aliliona neno hilo likija hadi kwenye ulimi. Lakini mbele yake alikaa Amondi, khanga kichwani, akimtazama kana kwamba yeye tu ndiye aliyebaki duniani, na nyuma ya Amondi kulikuwa na mtaa mzima uliomjua kwa jambo moja tu. Akajiambia deni ni lake na matanga ni ya Sylvance, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Akaitikia kwa kichwa. Kabla ya saa kupita, picha ya Sylvance ilikuwa inazunguka kwenye simu za watu, na chini yake nambari ya Perez.

Pesa ilikuja. Sylvance alikuwa amechomelea nusu ya milango ya Mowlem, na watu walimkumbuka. Ilikuja ya wachomeleaji wenzake, ya wachuuzi wa Muthurwa, ya binamu aliye Doha, ya mlinzi ambaye alituma kidogo na kuomba msamaha. Na kila jioni, baada ya sala, yalisomwa majina. Ndivyo ifanywavyo. Mzee Zedekiah alisema, “Tusomee,” Perez akafungua ujumbe mmoja mmoja, akasoma nani ametuma na ametuma nini, katibu akaandika, na watu wakapiga makofi kwa kila jina, la kubwa na la dogo. Amondi alikuwa akiinua macho kila jina liliposomwa. Hicho kilikuwa chakula chake cha wiki ile.

Katikati ya majina, ujumbe wa Pandisha ulikuwa umejipenyeza, mmoja baada ya kila mchango. Perez aliuruka kama alivyokuwa akiuruka siku zote. Wala hakuna aliyeuliza salio. Kumwambia mweka hazina aonyeshe salio mbele ya mjane ni sawa na kumwita mwizi, na nani angemwita Perez mwizi? Karatasi ya katibu ilisema pesa imetosha na kubaki. Watu wakapanga safari ya Ijumaa jioni.

Alhamisi, Perez na Mzee Zedekiah walisimama kwenye dirisha la malipo la mochari. Nyuma yao pikapu ilikuwa inangoja ikawabebe hadi kwa fundi wa majeneza. Perez aliingiza nambari ya siri. Simu ikajibu kwamba pesa haitoshi.

“Umekosea tarakimu,” alisema Mzee Zedekiah kwa upole.

Alirudia. Kisha akatazama salio. Kilichobaki hakikutosha hata vishikio vya jeneza. Alikaa kwenye benchi ya wafiwa wengine na kwa mara ya kwanza akafungua ujumbe aliokuwa akiuruka. Mchango wa wachomeleaji, umechukuliwa. Wa Doha, umechukuliwa. Wa mlinzi, hata ule wa mlinzi, umechukuliwa. Wa mwisho ulikuwa umerudi kwenye sauti ya upendo: hongera, mteja mpendwa, umemaliza deni lako lote, na kwa kuwa umelipa haraka namna hii unastahili mkopo mkubwa zaidi.

“Ni mtandao, Mzee,” alisema. “Uko chini. Wacha nikimbie benki.”

Uongo huo ulimtoka wenyewe, na ndio pekee aliousema katika shauri hili lote. Baadaye watu waliukumbuka kuliko ukweli wote alioufuatisha.

Benkini alipelekwa kwa kijana aliyeitwa Kiema. Alitaka kuwa na mtu wa kumgombeza, lakini Kiema alikuwa na adabu, na hilo ndilo lililommaliza. Alimpa kiti, akamletea maji, akamsikiliza hadi mwisho, akageuza kompyuta ili naye aone.

“Pole sana, mama. Lakini hapa inaonyesha loan yako na laini yako. Imejilipa.”

“Ile pesa ni ya maiti.”

“Nakuelewa. Ila hapa hakuna mahali naweza kuandika matanga. Mashine inaona tu imeingia kwa Perez.”

“Jacky yuko wapi? Yule alituandikisha ananijua.”

“Hao walikuwa wa kontrakti, mama. Iliisha.”

Angeweza kuandika barua, alisema Kiema, na barua ingeenda makao makuu, na makao makuu yangejibu. Perez alimuuliza kama yangejibu kabla ya kesho jioni. Kiema akatikisa kichwa. Perez akamshukuru kwa maji.

Jioni, chini ya turubai, Mzee Zedekiah hakusema “Tusomee.” Alikuwa amerudi mochari peke yake, na alikuwa ameambiwa mtandao haukuwa na shida yoyote. Perez alisimama. Alieleza yote, kuanzia nyuzi za maruni hadi Kiema, bila kujipamba.

Kijana mmoja aliyeitwa Kim, mwanafunzi wa Sylvance kazini, aliomba kuiona simu. Alisoma ujumbe kwa sauti, akautafsiri mmoja mmoja.

“Hii haisemi wizi,” alisema. “Inasema alikopa, na akalipa.”

“Sikulipa mimi. Ilijichukulia.”

“Lakini loan ilikuwa yako?”

“Ilikuwa yangu.”

“Na sasa imeisha?”

“Imeisha.”

“Kwa hivyo pesa ya fundi ndiyo imelipa loan yako.”

Ilikuwa kweli. Perez aliligeuza neno hilo huku na huku akitafuta upande wenye uongo, akaukosa. Mama mmoja wa chama, ambaye Perez alikuwa ameshika pesa ya harusi ya bintiye, aliuliza ni benki gani inayoingia mfukoni mwa maiti, na watu wakaguna. Hawakupiga kelele. Laiti wangepiga kelele. Walikaa tu wakimtazama upya, wakimpima, kila mmoja akifikiria pesa zake zilizowahi kupita mkononi mwa mwanamke yule. Mzee Zedekiah alikunja karatasi ya katibu akaiweka mfukoni.

“Mama Perez,” alisema, “maiti inangoja.”

Perez alitoka nje ya turubai, akasimama kando ya tangi la maji. Hakuwa na nyuzi, hakuwa na oda, na Musyoka alikuwa amezima simu kabisa. Alijua kuwa akichukua mkopo mwingine hataulipa. Alilijua jambo hilo wazi, kama mtu anavyojua mvua inanyesha akiwa ndani yake. Alifungua Pandisha, akaenda kwenye ule mkopo mkubwa zaidi, akabonyeza *Nakubali*. Pesa iliingia hata kabla hajamaliza kupangusa machozi. Akaihesabu dhidi ya karatasi ya katibu aliyoikumbuka kichwani, akaituma yote kwa Mzee Zedekiah.

Chini ya turubai simu ya mzee ililia. Alivaa miwani, akasoma, akasoma tena.

“Imeingia,” alisema. “Yote.”

Mnong'ono wa watu ulipita kutoka mbele hadi nyuma, na Perez, aliyekuwa akirudi, aliusikia. Alidhani ni wa afueni. Moyo ukamwinuka kidogo, maskini.

“Kumbe alikuwa nayo,” sauti ya mwanamke ilisema.

“Nimekopa tena,” alisema Perez. “Sasa hivi. Pale kwa tangi.”

“Saa hii?” Mzee Zedekiah alimtazama juu ya miwani. “Umekopa benki ukiwa umesimama kwa tangi la maji? Mama, mimi nilifanya kazi reli maisha yangu yote. Kupata loan ya mabati tu, sacco ilinizungusha mwaka mzima, na wadhamini watatu. Usitufanye watoto.”

“Mzee, tazama simu.”

“Sitazami simu tena. Pesa imerudi, tumshukuru Mungu. Mambo mengine tumwachie yeye.”

Akaomba watu wasimame kwa sala. Perez alitazama nyuso zile na akaona jambo limekwisha. Pesa ingepotea kabisa, labda siku moja mtu mmoja angeamini habari ya benki. Sasa ilikuwa imerudi, kamili, mara tu alipobanwa mbele ya watu, na kila mtu anajua ni mtu wa namna gani ambaye pesa humrudia hivyo. Aliinamisha kichwa pamoja nao.

Ijumaa jioni basi lilisimama mbele ya ploti, jeneza limefungwa nyuma, wanawake wakiimba. Mweka hazina mpya alisoma majina ya wanaosafiri. Jina la Perez halikuwamo, naye hakuuliza. Alikuwa amefunga mkoba wake tangu alfajiri, akaurudisha ndani kimyakimya ili usionekane. Alibaki mlangoni kwake. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni, na tayari ilikuwa imemkumbusha, kwa upendo, tarehe ya kwanza ya kulipa.

Amondi alitoka mwisho, ameshikwa huku na huku. Alipomwona Perez aliwaomba wale wanawake wamwachie. Akavuka ua peke yake. Macho yake yalikuwa yamevimba hadi karibu kufunga. Akamshika Perez mikono yote miwili.

“Nyamera,” alisema, kwa neno lao la tangu zamani la kuitana dada. “Si ungeniambia tu una shida? Ungeniambia, Perez. Ningekupa hata hiyo ya Sylvance. Hakukuwa na haja ya kuficha.”

Perez alifungua kinywa. Alitaka kumwambia kwamba hakuficha, kwamba hakuwa nayo, kwamba hata sasa hana. Lakini Amondi alikuwa anatikisa kichwa polepole na kumpapasa mkono, kama unavyompapasa mtoto aliyevunja kitu na kusamehewa, na dereva alikuwa amewasha injini.

“Yamekwisha,” alisema Amondi. “Mimi nimekusamehe.”

Akamwachia mikono, akapanda basi kwenda kumzika mumewe.